Kuwa Jamaa wa Asiye na Jamaa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja mkutanoni.

Vyama vya ustawi katika nchi yetu vilianzishwa kwa haja iliyo wazi. Mtu alitoka kwao akaja Nairobi au Mombasa kutafuta kazi. Akiugua hakuwa na wa kumwuguza, akifa hakuwa na wa kumzika. Wenziwe wakachanga senti zao ili maiti yake irudishwe nyumbani kwa heshima. Basi asili ya kazi yetu ni kumtafuta asiye na jamaa karibu, tukawa jamaa zake.

Je, leo ni nani asiye na jamaa? Wako wengi, nami nitamtaja mmoja: yule ambaye alipozaliwa aliandikwa mwanamume, naye hujijua na kuishi kama mwanamke, au aliyeandikwa mwanamke akaishi kama mwanamume. Siku hizi huitwa transjenda. Mara nyingi hufukuzwa na watu wa nyumba yake mwenyewe. Jina na jinsia katika kitambulisho chake havilingani na sura yake, kwa hiyo kila dirisha la ofisi au benki humtia mashakani. Akichekwa hospitalini, huchelea kurudi mpaka ugonjwa umekomaa.

Serikali na mahakama zimekwisha kuanza kuliangalia jambo hili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Bi. Audrey Mbugua cheti chenye jina lake, kisichotaja jinsia. Kwa maana mtihani hausahihishwi kwa kutazama kama mtu ni mke au mume. Huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume kamili, si sawa na transjenda, ingawa taabu ya vyeti huwapata wote wawili. Wanachuoni wa Kiislamu waliweka hukumu za mirathi yake tangu kale, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliandika watu 1,524 wa namna hiyo katika Kenya. Juu ya hayo yote, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 28, yasema kila mtu ana heshima yake ya asili, nayo yapasa kulindwa.

Najua baadhi ya wazee wataniuliza habari za dini na mila. Siwaombi mtoe fatwa, wala mwache imani zenu. Nauliza tu nani atampelekea mgonjwa uji, na nani atashika jembe siku ya kaburi. Mila zetu hazikuruhusu maiti kukaa bila mwenyewe.

Kwa hiyo naomba mkutano huu upige kura juu ya mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama anayelipa ada azikwe na chama kwa jina aliloandikwa nalo katika daftari letu. Na kama hana jamaa, Katibu afuate taratibu za serikali kwa niaba yake. Pili, Kamati ya Wagonjwa imsindikize mtu kama huyo hospitalini, na katika ofisi ya vitambulisho pia, kwa maana mtu akiwa na mzee kando yake hachekwi upesi. Tatu, naye apewe zamu kama sisi sote: kuuguza, kuchimba, kupika matangani, kuandika hesabu. Anayepokea tu hubaki mgeni; anayetumika pamoja nasi huwa mwenyeji.

Yawezekana wachache watajitoa, na mfuko wetu ukapungua. Hasara hiyo sitaki kuificha. Lakini mfuko hujazwa tena kwa michango, na chama kinachochagua wa kumzika hupoteza kitu ambacho michango haiwezi kukirudisha: kila mwanachama ataanza kujiuliza kama siku yake naye atakataliwa.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakusema tumwulize kwanza ameandikwaje.