Kuomba Fedha za Utafiti wa Kawi: Swali Kwanza, Paneli Baadaye

Hotuba kwa wakazi wa Membley, Ruiru



Kila mkazi hapa anajua kinachotokea stima ikipotea asubuhi. Pampu ya kisima inanyamaza, tangi linaisha, na kufikia jioni mikokoteni ya mitungi ya maji iko langoni. Si ajabu basi kwamba wazo la pampu ya sola huzuka mkutano baada ya mkutano. Nalo hufuatwa na swali: je, hakuna pesa za serikali za utafiti wa kawi ambazo mtaa unaweza kuomba?

Pesa ziko, ila si nyingi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, inayojulikana kama NRF, na ikataja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa kiwango cha kuiwezesha. Kinachotolewa hakijafikia hapo, kwa hivyo waombaji wengi hung'ang'ania kidogo kilichopo.

Kosa linaloangusha pendekezo huweza kutokea kwenye ukurasa wa kwanza. Mwombaji anaandika: tunaomba paneli, pampu na tangi kwa sababu wakazi wanateseka. Mateso hayo ni ya kweli. Lakini hilo ni ombi la mradi, na mahali pake ni katika bajeti ya kaunti, kwenye vikao vya kushirikisha umma. Fedha za utafiti hulipia kutafuta jambo ambalo bado halijulikani. Anayesoma pendekezo anataka kujua: mkishamaliza kutumia pesa hizi, tutakuwa tumejua nini ambacho leo hatukijui?

Chukueni mfano wa mtaa wa nyumba 80 unaotumia lita 40,000 za maji kwa siku, na maji yenyewe yako chini mita 150. Kupandisha lita 1,000 kutoka kina hicho, hesabu ya fizikia inadai takriban yuniti 0.4 za stima, yuniti zilezile za tokeni. Pampu na mota zikipoteza nusu, inakuwa yuniti 0.8. Kwa siku nzima ni yuniti 32 hivi.

Mwezi wa Februari, jua la Ruiru halina mjadala. Lakini Julai? Kati ya Juni na Agosti mawingu ya baridi huifunika Kiambu, na kuna siku jua halionekani hadi alasiri. Hapo ndipo pana swali la utafiti: paneli zinazotosha Februari zitatoa lita ngapi Julai? Na ni nafuu kuongeza paneli, kununua betri, au kujenga tangi kubwa zaidi ili mtaa uhifadhi maji badala ya kuhifadhi stima? Swali hilo linapimika. Jibu lake lingefaa pia Kahawa Sukari, Juja, Limuru na kila mtaa wa nyanda za juu unaotegemea kisima. Na katika eneo hili stima na maji vina historia ndefu: zaidi ya miaka 100 iliyopita mto Ruiru ulitumiwa kuzalisha umeme wa Nairobi. Leo ni umeme unaotafutwa ili maji yapande.

Kabla ya kuandika neno moja la pendekezo, mtaa ufungue daftari. Kila siku, saa ileile, msimamizi wa kisima aandike usomaji wa mita ya maji, yuniti zilizotumika, na saa stima ilipopotea na kurudi. Miezi mitatu ya kazi hiyo haigharimu zaidi ya mita, daftari na uaminifu wa mtu mmoja. Pendekezo lenye takwimu zake lenyewe husomwa tofauti kabisa na lile lenye kurasa kumi za masikitiko.

Mtaa peke yake hautafika mbali, maana wito wa fedha hizi kwa kawaida huwalenga watafiti wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Bahati ni kwamba Chuo Kikuu cha JKUAT kiko Juja, mwendo mfupi tu kwa barabara ya Thika. Wakazi wakienda huko na daftari mkononi, wanakwenda kama washirika. Makubaliano yaandikwe mapema: paneli zitabaki kwa nani utafiti ukiisha, nani atazitengeneza, na takwimu ni za nani. Mtaa usioandika hayo unaweza kubaki na picha tu za uzinduzi.

Vibali vipo, na mshirika wa chuo anavifahamu: leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, idhini ya kamati ya maadili iwapo wakazi watahojiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kwa taarifa za kila nyumba.

Bajeti ndiyo sehemu inayofichua pendekezo. Kama mbinu inasema maji yatapimwa kila siku kwa miezi 12, basi lazima pawe na malipo ya mpimaji kwa miezi 12, si 6. Kama gari limo kwenye bajeti lakini halina safari yoyote katika mbinu, msomaji ataliona mara moja. Paneli zinaweza kuombwa, lakini zile za kisima kimoja cha majaribio, na pesa za kutengeneza pampu ikiharibika mwezi wa nne zitengwe waziwazi.

Kaunti nayo ina nafasi yake. Katiba inazipa kaunti jukumu katika usambazaji wa umeme na gesi, na Sheria ya Kawi ya 2019 inazitaka ziandae mipango yao ya kawi. Pendekezo lionyeshe jibu lake litaingia wapi katika mpango huo. Hata hivyo, barua ya kaunti ya kuunga mkono si ahadi ya pesa, na anayedai anaweza "kusukuma" ombi kwa malipo asipewe hata senti.

Wanaotaka kupata takwimu za Julai hawana muda wa kusubiri wito utangazwe. Usomaji wa kwanza wa mita unaweza kuchukuliwa kesho asubuhi, kabla pampu haijawashwa.