Karatasi ya ruhusa ya bwana imekwisha tangu 2016: tuiambie watu



Leo tuzungumze juu ya karatasi moja tu. Mama zetu wanaijua: ruhusa ya bwana.

Tarehe 1/8/1987, inchi yetu ikiitwa bado Zaïre, ilipata Kode ya Familia. Kifungu cha 448 kilisema mwanamuke mwenye ndoa lazima apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kusaini jambo la sheria linalomufunga yeye mwenyewe, kama vile kazi. Kifungu cha 444 kiliongeza: bwana ni kichwa cha nyumba, muke amutii. Na msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15, wakati kijana mwanaume alingojea 18.

Muangalie vizuri. Sophie Kanza alikuwa waziri tangu 1966. Wanawake walipata haki ya kupiga kura 1967. Yaani mama aliweza kumuchagua rais, lakini miaka 20 nyuma yake sheria ikamuomba karatasi ya bwana juu ya kazi!

Wanawake hawakunyamaza. Walisukuma, na Katiba ya 18/2/2006, kifungu cha 14, ikaipatia serikali mzigo wa kuondoa ubaguzi juu yao. Kisha ikangojewa miaka 10 tena. Ni sheria ya 15/7/2016 ndiyo iliondoa ile ruhusa. Sasa bibi na bwana wanapaswa kupatana wote wawili, na ndoa ni miaka 18 kwa kila mtu.

Je, imekwisha? Hapana. Bwana angali kichwa cha nyumba katika Kode. Tangu 2024 tuko na mama Waziri Mkuu, Judith Suminwa, lakini kwenye meza za ofisi tungali tunasikia: «Bwana yako anasema nini?» Anayeuliza pengine hajui kama sheria imebadilika. Na anayeulizwa pia hajui, basi anarudi nyumbani.

Hapo ndipo kazi yetu iko. Sisi tuliosoma na bado hatuna kazi, muda tuko nao. Tufanye mambo tatu:

Moja, ukiombwa ruhusa ya bwana, uombe nawe waonyeshe kifungu. Kwa upole, lakini usitoke.

Mbili, mahari ikishatolewa, muende kuandikisha ndoa kwa leta sivili. Bila hati, siku bwana anakufa, mjane anahangaika kuonyesha kama alikuwa muke wake, na wandugu wa marehemu wako tayari mulangoni.

Tatu, vijana wanaume: tusipige kelele ya haki barabarani, halafu nyumbani dada anaacha masomo juu ya kutupikia.

Jioni hii, kila mtu aelezee mama mmoja wa avenyu yake hii sheria, kwa luga anayosikia.