Injini Inayokosa Moto

Leo twapenda kuwaeleza habari za injini iliyozeeka, nayo ni ya pikapu ya Peugeot 404 ya petroli, gari ambalo kwa miaka mingi lilichukua mizigo na abiria katika barabara za Afrika Mashariki.

Gari letu hilo lilianza kushindwa na milima. Likisimama lilitetemeka, na mlio wa ekzosi haukuwa sawasawa, kama mtu achechemeaye. Tuliambiwa kwamba kabureta imekwisha, nasi tukanunua nyingine. Fedha ya magunia mawili ya mahindi ikaenda zake, na gari likachechemea vile vile. Kosa lilikuwa letu: tulinunua kabla ya kuiuliza injini yenyewe.

Basi huulizwaje? Silinda ni nne, nazo hulipuka kwa zamu: ya 1, ya 3, ya 4, kisha ya 2. Hakikisheni kwanza kwamba hapana petroli inayovuja, na breki ya mkono imevutwa. Iacheni injini izunguke polepole. Shikeni waya wa plagi moja kwa koleo lenye mipini ya mpira (umeme wake si wa kuchezewa), uchomoeni, na ncha yake iguse chuma cha injini. Ikiwa injini yazidi kulegea, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Urudisheni waya, mwende kwa nyingine. Ikiwa mwendo haubadiliki hata kidogo, mmekwisha kumpata mvivu. Kwetu alikuwa wa 3.

Sasa plagi itolewe itazamwe. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu huonyesha petroli imezidi. Mafuta ni dalili ya ringi au valvu zilizochakaa. Yetu ilikuwa imelowa petroli mbichi, maana cheche haikuiwasha. Mwanya wake ulikuwa milimita 0.6, ndivyo ipasavyo. Tuliibadilisha na plagi ya silinda ya 2, ugonjwa haukuhama. Tukabadilisha nyaya, haukuhama tena. Kilichobaki ni kifuniko cha distribyuta, na hapo usiku ulitufaa kuliko mchana. Tulizima taa zote, tukafunua boneti, tukaona cheche ya samawati ikitambaa juu ya kifuniko, katika ufa mwembamba kama unywele, ambao juani hatukuuona.

Lakini cheche ikiwa njema na silinda ingali imekufa, na upimwe mgandamizo wa hewa. Silinda moja ikiwa dhaifu, huenda valvu imeungua. Zikiwa mbili zilizo jirani, huenda gasketi imepasuka kati yake. Hapo mwiteni fundi, kwani kichwa cha injini hakina budi kufunguliwa.

Sisi tulinunua kifuniko kipya. Kabureta yetu ya zamani, iliyokuwa nzima siku zote, tuliirudisha mahali pake.