Paja la Nguruwe la Sikukuu, Pamoja na Kachumbari ya Matunda

Wasikilizaji wetu, juma hili twataka kuzungumza habari za chakula kimoja cha sikukuu ambacho wengi wamekisikia kikitajwa, na wengine wameona picha yake, lakini ni wachache waliopata kuelezwa jinsi kinavyotengenezwa. Chakula chenyewe ni paja la nguruwe lililotiwa chumvi, likapikwa, kisha likapakwa sukari na kuokwa mpaka likang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Waingereza na Wamarekani hulila siku ya Krismasi na siku ya Pasaka, nao huliita hemu. Nasi tutatumia neno hilohilo, maana kutaja paja na chumvi yake kila mara kutatuchosha sisi na ninyi pia.

Twajua ya kuwa miongoni mwenu wako wengi ambao nyama hii ni haramu kwao. Hao twawaomba watusikilize kama mtu asikilizavyo habari za safari ya nchi ya mbali. Na tutakapofika kwenye karafuu na matunda, watakuta maneno yanayofaa hata kwa kuku wa kuoka.

Mtu akiiona hemu mezani hudhani ya kuwa ufundi wote umo katika ule mng'ao wa juu. Sivyo hata kidogo. Mng'ao ni kazi ya nusu saa. Kazi iliyo kubwa ni ya chumvi, nayo huenda ilianza karibu mwaka mzima kabla ya sikukuu. Ili mfahamu jambo hili, hatuna budi kuwapeleka kwanza katika jimbo la Virginia, mashariki ya Marekani, ambako hemu ina sifa kuu.

Katika jimbo hilo uko mji mdogo uitwao Smithfield. Mwaka 1926 baraza la kutunga sheria la Virginia liliamuru ya kwamba hemu yo yote isiitwe ya Smithfield ila iwe imetiwa chumvi na kukaushwa ndani ya mipaka ya mji huo, na nguruwe wake awe amelishwa karanga. Sharti la karanga liliondolewa mwaka 1966, bali lile la mahali lilibaki. Na hizo karanga zina habari yake. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno wakazileta Afrika, na kutoka Afrika zikavuka tena bahari pamoja na merikebu za watumwa hata Amerika ya Kaskazini. Mpaka leo wako watu wa kusini ya Marekani waitao karanga “goober”, na neno hilo latokana na “nguba” la Wakongo.

Mikono iliyosugua chumvi katika mashamba makubwa ya Virginia ilikuwa mara nyingi mikono ya watu weusi waliokuwa watumwa, na mapaja yale mazuri yalikwenda meza ya bwana. Walipopata uhuru wao, ujuzi ulibaki kwao. Mpishi mashuhuri Edna Lewis, aliyezaliwa mwaka 1916 katika kijiji cha Freetown, Virginia, kijiji kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, babu yake akiwa mmoja wao, aliandika mwaka 1976 kitabu cha mapishi ya kwao kiitwacho The Taste of Country Cooking. Humo kuchinja nguruwe ni kazi ya mwezi wa Desemba, na ni kazi ya kijiji kizima.

Mtauliza, kwa nini Desemba? Sababu yake ni hii. Chumvi huingia katika nyama polepole mno. Kwa desturi huhesabiwa siku moja na nusu kwa kila ratli ya nyama. Basi paja la ratli 20, yaani kilo 9, hukaa chumvini siku 30. Katika siku nyingi za mwezi huo, katikati ya paja, karibu na mfupa, hapana chumvi bado. Hapo baridi peke yake ndiyo mlinzi. Joto likipanda kupita digrii 4 au 5 za sentigredi, nyama huanza kuharibika mfupani, huku nje yaonekana nzima kabisa. Na baridi ikizidi hata nyama ikaganda, chumvi haipenyi. Kwa hiyo watu wa Virginia walilitazama anga kwa hofu, maana juma moja la joto lisilotazamiwa laweza kuwanyang'anya nyama ya mwaka mzima. Na aliyetaka kujua hali ya paja lake alichukua chuma chembamba kama sindano ya gunia, akakipenyeza mpaka mfupani, akakichomoa na kukinusa. Harufu ndiyo iliyotoa hukumu.

Likiisha kukolea, paja huoshwa, mara nyingi husuguliwa pilipili manga, hutundikwa katika nyumba ya moshi, na kufukizwa kwa moshi wa mti uitwao hikori. Kisha huachwa likining'inia miezi sita au zaidi, likipita katika joto la kiangazi, na katika joto hilo ndimo ladha yake hukomaa. Chumvi imekwisha kufanya kazi yake, basi joto halina nguvu tena juu yake. Katika nyumba ya makumbusho ya Smithfield iko hemu moja iliyokaushwa mwaka 1902, ikasahauliwa darini miaka mingi. Mwenye kiwanda alipoiona akaivika ukosi wa shaba kama mbwa wake, akawa akiionyesha watu. Iko hata leo, imekauka kama kipande cha ngozi. Hatumshauri mtu kuionja.

Kutokana na haya mtaona ya kuwa mtu wa Tanga au wa Kisumu hawezi kuifanya kazi hii barazani kwake. Hewa yetu ya joto itaifikia nyama mfupani kabla ya chumvi kufika. Hemu zinazouzwa madukani katika miji ni za namna nyingine: zimedungwa maji ya chumvi kiwandani, na nyingi zimekwisha kupikwa. Hivyo jambo la kwanza kwa mpishi ni kujua ana nyama gani mkononi mwake, maana kila moja ina njia yake, na atakayezichanganya ataharibu chakula, au ataharibu watu.

Hemu iliyokaushwa kwa njia ya Virginia husuguliwa kwa brashi na maji ili ukungu wa juu utoke. Ukungu huo usimtishe mtu. Ni kawaida yake. Kisha hulowekwa katika maji baridi siku nzima, au mbili, na maji yabadilishwe mara kadhaa, ama sivyo chumvi itamshinda mlaji. Ndipo hutiwa katika sufuria kubwa, maji yaifunike, na moto uwe wa chini, maji yakitetemeka tu pasipo kutokota. Huhesabiwa dakika 20 hadi 25 kwa kila ratli. Ile ya dukani iliyokwisha kupikwa haihitaji hayo yote. Yataka kupashwa moto tu katika oveni ya digrii 160, imefunikwa, na maji kidogo chini yake isije ikakauka, kwa dakika 12 hadi 15 za kila ratli. Mwenye kipimajoto akichome katikati ya nyama pasipo kugusa mfupa: hemu iliyopikwa tayari ifike digrii 60, nayo isiyopikwa ifike 63 na kupita, kisha ipumzishwe kidogo.

Iko na nyama ya tatu, nayo si hemu: ni paja bichi la nguruwe wa kijijini. Hilo lisipikwe nusu nusu kwa tamaa ya kuliona jekundu ndani, kwa kuwa wekundu wa hemu watokana na shura au dawa ya jamii yake iliyochanganywa na chumvi. Nyama isiyotiwa dawa hiyo, ikiiva, hugeuka rangi ya kijivu. Tena katika vijiji ambako nguruwe huzurura na kula vinyesi, nyama yaweza kuwa na mbegu za tegu, vijifuko vyeupe kama punje za mchele. Nyama ya namna hiyo isiliwe. Mtu alaye nyama yenye mbegu hizo isiyoiva hupata tegu tumboni. Na mayai ya tegu huyo yakiingia vinywani mwa watu kwa uchafu wa mikono au wa maji, huweza kujenga vijifuko katika ubongo na kuleta kifafa. Maradhi haya yako kwetu katika nchi nyingi zifugazo nguruwe, na sukari na karafuu haziyazuii.

Sasa tuje kwenye mpako. Hemu ikiwa imeiva, ngozi huondolewa kwa kisu, na mafuta ya chini yake hubakizwa unene wa nusu ya kidole. Mafuta hayo hukatwa mistari ya mshazari, huku na huku, hata yafanane na wavu wa mvuvi. Na katika kila jicho la wavu huchomekwa karafuu moja. Hapa watu wa Unguja na Pemba wana haki ya kutabasamu, maana katika karne ya 19 visiwa vyao vilikuwa ndivyo vikuu duniani kwa karafuu, ijapokuwa siku hizi Indonesia yavipita. Mpako wenyewe ni kikombe kimoja cha sukari nyekundu, vijiko viwili vya haradali, na vijiko vitatu vya siki au maji ya nanasi, vikorogwe mpaka viwe vizito kama asali.

Mpako huu hupakwa mwisho kabisa. Anayeupaka mwanzoni, akidhani utaingia ndani zaidi, hupata gamba jeusi lenye uchungu, kwa sababu sukari haistahimili moto wa saa tatu. Hemu iliyoiva hurudishwa katika oveni yenye digrii 200 kwa dakika 20 au 30 tu, na mpishi aipake tena mara mbili au tatu. Asiende kisimani wakati huo, wala asizungumze na jirani dirishani. Kutoka rangi ya shaba hata rangi ya makaa ni mwendo wa dakika chache.

Yabaki matunda. Nyama hii ina chumvi nyingi na mafuta mengi, na ulimi huomba kitu kichachu cha kuusafisha. Waingereza tangu zamani hupika mchuzi wa matunda madogo mekundu. Huko Marekani wengi wamejifunza kwa watu wa Mexico kutengeneza salsa, ambalo ni neno la Kispania maana yake mchuzi, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichotiwa chumvi. Salsa ya matunda mabichi ni ndugu wa kachumbari yetu. Katakata vipande vidogo nusu ya nanasi, embe moja lililoiva lakini gumu bado, kitunguu chekundu kimoja, na pilipili moja iliyotolewa mbegu; kamulia ndimu mbili, tia majani ya giligilani, na chumvi ya kuonja tu, maana nyama yatosha kwa chumvi. Iache nusu saa ndipo uilete mezani.

Lakini iletwe katika bakuli lake. Nanasi bichi lina kitu kinachoyeyusha nyama, nacho ndicho kiwashacho ulimi wa mtu aliyekula mananasi mengi. Likilazwa juu ya nyama saa nyingi, nyama hulainika hata ikawa kama uji. Nanasi la mkebe halina nguvu hiyo, kwa kuwa limepikwa. Na tangu kampuni ya James Dole ilipoanzishwa Hawaii mwaka 1901, Wamarekani wamezoea kupamba hemu kwa vipande vyake vya mviringo, na tunda jekundu katikati ya kila kimoja. Ni pambo zuri katika picha. Kwa kinywa chetu ni tamu juu ya tamu, nasi twachagua bakuli la ndimu na pilipili.

Hemu ya Virginia hukatwa vipande vyembamba sana, karibu mwanga upite, na mtu hatosheki kwa wingi wake bali kwa ladha yake. Kinachobaki kisilazwe mezani zaidi ya saa mbili katika joto. Mfupa nao hautupwi. Huko kusini ya Marekani huwekwa mpaka tarehe 1 Januari, hutiwa chunguni pamoja na kunde, zile kunde zilizovuka bahari kutoka Afrika, na kupikwa taratibu tangu asubuhi, ziliwe kwa wali siku ya mwaka mpya.