Umeme wa jua uwemo katika ramani ya jengo



Mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa. Mwaka 2004 gesi hiyo ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam. Taifa lilinufaika sana. Lakini bomba lile lilielekea kaskazini, na vijiji vya upande wa bara wa wilaya hiyo hiyo, kama Likawage, viliendelea kuwasha vibatari kwa miaka mingi.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kazi mwaka 2007. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 nayo ikasamehe paneli na betri za jua.

Hata hivyo, msamaha wa kodi haubadilishi betri iliyokufa. Paneli hudumu miaka 20 na zaidi; betri ya asidi huchoka baada ya miaka michache. Ikisha kufa, mkunga hurudi kwenye kurunzi na paneli hubaki pambo la paa. Nani anunue nyingine? Mfadhili amekwisha ondoka, mganga hana fungu, na katika makadirio ya Halmashauri betri haimo. Fungu hilo liandikwe kila mwaka, kama liandikwavyo la dawa.

Jambo la pili ni ramani yenyewe. Waliojenga Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, katika karne ya 14, walitumia kuta nene za mawe na chokaa, na kuta za namna hiyo huchelewesha joto. Leo darasa huezekwa bati bila dari, watoto wakatoka jasho, kisha ikatafutwa feni ili ile umeme ule ule mchache! Baraza pana na madirisha yanayopokezana upepo hayadai betri.

Wapo watakaosema kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lililokamilika mwaka 2025 likiwa na uwezo wa megawati 2,115, linatosha. Umeme huo ni mwingi, kweli. Lakini nguzo ikianguka masika katikati ya pori, chanjo haisubiri fundi: hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Yapo majokofu ya jua yanayohifadhi ubaridi bila betri, na zahanati mpya ichorwe ikiwa na nafasi yake.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya siku hiyo, madiwani na kamati za zahanati waulize fungu la betri limeandikwa ukurasa gani.