Tezi Dume: Kabla ya Kuamka Mara ya Nne Usiku
(Mazungumzo kwa wakazi wa Kola, Kaunti ya Machakos)

Mazungumzo ya leo ni ya kiungo ambacho wanaume wengi hukitaja kwa sauti ya chini: tezi dume.

Tezi hii iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana haizidi ndimu ndogo. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Mwanaume akipita miaka 40 huanza kukua polepole, na kwa kuwa mrija unapita katikati yake, mkojo hukosa njia.

Tuseme kuna mzee wa miaka 63. Zamani alilala hadi alfajiri. Sasa anaamka mara nne, anatafuta tochi, anatoka kwenda choo kwenye baridi, anasimama akingoja, na mkojo unatoka kwa matone. Mkewe akiuliza, anasema ni chai ya jioni. Huenda tezi yake imekua tu kwa ajili ya umri. Kukua huko si saratani wala hakugeuki kuwa saratani. Kuna dawa za kulegeza njia ya mkojo, na nyingine za kupunguza tezi ambazo huchukua hata miezi 6 kufanya kazi. Zikishindwa, kuna upasuaji unaopitia kwenye mrija wenyewe. Januari 2024, Mfalme Charles wa Uingereza alitangaza kwamba anakwenda hospitali kwa tatizo hilo hilo. Mzee wa Kola aone haya ya nini?

Mkojo ukiziba kabisa na tumbo la chini likajaa kwa maumivu, usingoje kukuche. Na tahadhari: baadhi ya dawa za mafua, zile za kufungua pua, zinaweza kuleta kuziba huko. Mwambie muuza dawa hali yako kabla ya kununua.

Homa, maumivu ya kinena na mkojo unaochoma huashiria maambukizi. Dawa zake humezwa kwa wiki kadhaa, na zimalizwe hata nafuu ikija mapema.

Saratani ndiyo yenye hila, kwa maana mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Wengi huja mgongo na nyonga zikiuma, wakati imeshafika kwenye mifupa. Aliye na baba au ndugu aliyeugua ana hatari karibu maradufu, na azungumze na daktari tangu miaka 40. Profesa Anyang' Nyong'o aligunduliwa kuwa nayo mwaka 2010 akiwa waziri, akatibiwa Marekani, akaeleza wananchi hadharani. Mwaka 2017 alichaguliwa gavana wa Kisumu.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho PSA. Kikiwa juu si lazima iwe saratani. Hata maambukizi hukipandisha. Kile cha kidole, kinachokimbiza wanaume, hakimalizi dakika moja.

Mzee anayekwenda zahanati au Machakos Level 5 ahesabu kwanza kwa siku tatu ameamka mara ngapi usiku, kisha abebe dawa zote anazotumia, za presha na za kienyeji pia.