Msumeno Mwembamba wa Nakshi, na Ramani ya Mbao

(Maneno yaliyosomwa na karani mmoja mbele ya walimu, wazee na wenyeji waliokutana shuleni Jumamosi jioni.)



Nimeombwa na Mwalimu Mkuu niwaeleze habari ya kazi niifanyayo jioni nikisha kutoka afisini. Mwanijua kuwa mimi ni karani, na chombo changu ni kalamu. Sikufundishwa useremala, wala sikusudii kumnyang'anya seremala yeyote riziki yake. Walakini kwa muda wa miaka sita sasa ninao msumeno mmoja mdogo, nao umenifundisha mambo ambayo kalamu haikunifundisha. Siku moja mzee wetu mmoja alipita barazani kwangu, akaniona nakata ubao kwa chombo chembamba kama uzi, akaniuliza, "Bwana Karani, mtu mzima wacheza mchezo wa watoto?" Siku ile sikuwa na jawabu. Leo nimekuja nalo, limo katika kikapu hiki.

Kwanza nitasema juu ya chombo chenyewe. Msumeno wa nakshi haufanani na msumeno wa kupasulia mbao. Ni upinde wa chuma uliokunjwa mfano wa herufi U, kina chake kama sentimita 30, na mpini wa mti upande mmoja. Katika ncha mbili za upinde hufungwa ukanda wa chuma wenye meno, urefu wake sentimita 13, nao ni mwembamba hata ukianguka mchangani wautafuta kwa taa. Meno yake huelekezwa chini, yaani upande wa mpini, kwa sababu ukivuta chini ndipo ukatapo, na ubao hukandamizwa juu ya meza. Ukiyaelekeza juu, ubao utaruka kila upandishapo mkono. Pembeni mwa meza hufungwa kwa jiriwa kipande cha ubao kilichokatwa upenyo kama mdomo wa ndege uliofunuliwa, na kazi yote hufanywa juu ya upenyo huo.

Ukanda usilegee wala usikazwe mno. Ukilegea hutangatanga, hukata pasipo mstari. Ukikazwa mno hukatika. Uguse kwa ukucha: ukilia kama uzi wa zeze, umefaa.

Kila aanzaye hukosa jambo moja, nami nililikosa. Huusukuma msumeno. Msumeno huu hausukumwi. Mkono wa kuume hupanda na kushuka wima mahali pamoja, na mkono wa kushoto ndio uongozao ubao kuuendea msumeno. Ukifika penye kona kali, usisimame wala usiende mbele. Endelea kupanda na kushuka hapo hapo, huku waugeuza ubao polepole, hata ukanda ujifanyie nafasi ya kuzunguka. Jambo hili ni rahisi kulisema. Katika mwezi wangu wa kwanza nilivunja kanda kumi na moja, na mke wangu akasema heri fedha zile ningalinunulia sukari.

Ukitaka kutoa tundu katikati ya ubao, toboa kwanza kwa kekee ndogo katika sehemu itakayotupwa, fungua ncha moja ya ukanda, upitishe tunduni, kisha uufunge tena. Matundu ya ndani hukatwa kwanza, na ukingo wa nje hukatwa mwisho, maana ubao ambao haujakatwa nje bado una nguvu ya kushikwa. Tena tazama nyuzi za mti. Kipande chembamba kilichokatwa kukingama na nyuzi huvunjika kama biskuti, hata kiwe cha mninga. Kwa sababu hii mwanafunzi na aanze na plaiwudi ya milimita 4, ambayo tabaka zake zimepandanishwa kwa kukingamana, hivyo kila upande una nguvu.

Msidhani kazi hii ni ya jana. Huko Paris alikuwako fundi wa mfalme Louis wa 14, jina lake André-Charles Boulle, aliyezaliwa mwaka 1642 akafa mwaka 1732. Yeye alishikamanisha bapa la shaba na bapa la gamba la ng'amba, akayakata pamoja kwa mkato mmoja. Alipoyatenga, nakshi ya shaba ikaingia katika tundu la gamba, na nakshi ya gamba ikaingia katika tundu la shaba, akapata kazi mbili kwa jasho moja. Naomba mlishike neno hili, maana nitalirudia. Baadaye, katika karne ya 19, Wamarekani walitengeneza misumeno ya kukanyagwa kwa mguu kama cherehani, na huko Uingereza, katika mji wa Dereham, kampuni iitwayo Hobbies ilitoa gazeti lake tangu mwaka 1895, na watu wasio mafundi walikata rafu, saa za ukutani na sanduku kwa kufuata mifano yake. Nasi watu wa pwani tumeizoea nakshi ya namna hii bila kuuliza ilivyokatwa. Aliyefika Unguja akalitazama jumba la zamani la dawa, ambalo Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887, ameona roshani ambazo mbao zake zimenakshiwa hata waweza kudhani ni kitambaa.

Lakini mtu niliyemtafuta hasa katika habari hizi ni John Spilsbury wa London. Alikuwa mchoraji wa ramani. Katika miaka ya 1760 alibandika ramani juu ya ubao mwembamba, akaukata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuvipanga vipande. Ramani yake moja ya Ulaya ya mwaka 1766 ipo hata leo. Huu ndio mwanzo wa ile michezo ya kuunganisha picha iuzwayo madukani.

Sasa niwaambie kwa nini nilimtafuta.

Dada yangu ana mtoto wa kiume, umri wake miaka kumi na mmoja, ambaye surua ilimpofusha macho alipokuwa mdogo. Husoma pamoja na wenziwe wenye macho, na akili yake ni nyepesi kuliko yangu. Jioni moja aliniuliza, "Mjomba, nchi yetu ina umbo gani?" Nikamwambia, ni pana huku, nyembamba huku, na huku pana bahari. Akanyamaza. Nikamshika kiganja nikachora kwa kidole. Akasema, "Sijui umeanza wapi." Mwalimu akitundika ramani ukutani, wenziwe huitazama, na yeye husikiliza majina yakitajwa kama mtu asikiaye habari za jirani asiowajua. Usiku ule sikulala vizuri.

Basi nilichukua ramani ya mikoa, nikaipitisha kwenye ubao kwa karatasi ya kaboni. (Karani hakosi karatasi ya kaboni, nayo niliinunua kwa fedha yangu.) Nchi yetu ina mikoa 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Visiwani. Mikoa ya Visiwani ni midogo mno kwa ubao wangu, kwa hiyo nilikata Unguja kipande kimoja na Pemba kipande kimoja, jumla vipande 28. Nikamfuata yule fundi wa Paris: nikapandanisha mbao mbili, nikazipigilia misumari midogo pembeni, ili nipate ramani mbili kwa mkato mmoja, moja ya mtoto na moja ya darasa.

Kazi ya kwanza iliharibika. Nilipigilia misumari katika kingo tu; nchi ilipokwisha kutengana na kingo zake, mbao mbili zikateleza, na mkoa wa Tabora wa chini ukatoka tofauti na wa juu. Tena nilikuwa naulaza msumeno bila kujua, na msumeno usiposimama wima, ubao wa chini haufanani na wa juu kamwe. Nikafanya kosa la tatu, baya kuliko yote. Nilivipiga msasa vipande kandokando hata viking'aa, nikifurahi. Nilipovipanga vikacheza kama meno ya mzee. Mtoto akigusa kimoja, vitatu vyahama. Upana wa mkato wenyewe ndio nafasi itoshayo. Msasa ni wa kuondoa vibanzi vya chini tu.

Ya pili niliibandika kwa gundi na karatasi katikati, nikaikata kwa muda wa wiki tano, saa moja kila jioni. Kingo za nje nilizigandisha juu ya ubao mwingine, zikawa kama sinia la kupangia vipande. Ziwa Viktoria, Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa niliyatoa yawe mashimo, kidole kikifika kishuke, na chini nikapaka nta ili pateleze. Bahari nikaichora kwa ncha ya kisu mistari ya mawimbi. Nchi za jirani niliziacha bila msasa, ziwe na ukwaru.

Nilimpa mtoto siku ya Jumapili. Hakusema neno. Alianzia baharini, akapanda na mpaka wa kaskazini kutoka pwani kuelekea Ziwa Viktoria. Mpaka ule wajua ulivyo: ni mstari ulionyoka, kisha hupinda kidogo, kisha hunyoka tena mpaka ziwani. Kidole chake kilipofika penye pindo kikasimama. Akarudi nyuma, akafika tena, akasimama tena. Akasema, "Hapa mkono wako uliteleza, mjomba." Nikamwambia, la, mkono wangu haukuteleza, hapo mstari ulizunguka Kilimanjaro, Waingereza na Wadachi walipogawana nchi kwa mapatano ya mwaka 1886. Akauliza, "Mlima uko upande gani wa pindo?" Nikamwongoza. Akakiinua kipande cha Kilimanjaro, akakishika mkononi muda mrefu, akakirudisha mahali pake bila msaada.

Wiki ya tatu mwalimu wake alinisimamisha njiani. Alikuwa ameuliza darasani ni mikoa gani ipakanayo na Dodoma. Wenye macho walitaja miwili, mitatu, wakageuka kuitazama ramani. Yule mtoto akataja Manyara, Singida, Iringa na Morogoro, akiwa vidole vyake vyapita juu ya dawati kana kwamba ubao uko mbele yake.

Kipande cha Mtwara kimekwisha kupotea. Nadhani mdogo wake alikitia motoni. Hapo ndipo faida ya mkato mmoja ilipoonekana. Nilichukua Mtwara ya ramani ya darasa, nikaizungushia kalamu juu ya ubao mpya, nikakata. Imeingia barabara.

Walimu wataniuliza kuhusu gharama. Upinde mmoja wadumu miaka mingi. Kanda hununuliwa kwa dazeni. Vipande vya plaiwudi mimi huviomba kwa seremala, maana yeye huvitupa. Mwenye msumeno huu aweza kukatia darasa la kwanza herufi za mbao, wanyama wa kuchezea, au vibao vya majina milangoni.

Juu ya vumbi nitasema kwa ukali kidogo. Unga wa msumeno huu ni laini kuliko wa msumeno mkubwa, nao huingia kifuani. Mvule hasa huwasha ngozi na hubana pumzi za watu wengine. Mwaka 1995 idara ya Shirika la Afya Duniani ichunguzayo saratani iliandika vumbi la mbao katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa wanadamu. Basi kata nje barazani, funika pua na mdomo kwa barakoa, futa meza kwa kitambaa chenye maji, wala usipulize mstari kwa kinywa. Nami nilipuliza mwaka mzima, nikakohoa mwaka mzima, nikadhani ni baridi.

Ziko na mashine za umeme. Mikono miwili, wa juu na wa chini, hushika ukanda ule ule wa sentimita 13, huupandisha na kuushusha tangu mara 400 hata 1,600 kwa dakika moja. Nimeitumia mara moja mjini. Hukata vizuri mno, na mikono miwili hubaki huru kuongoza ubao; lakini kosa lako nalo hufika mbali kabla hujalitambua. Shule yenye umeme na fedha na ifikiri. Sisi wengine mkono watutosha.

Mzee wangu uliyeniuliza habari ya mchezo wa watoto, nakuona umeketi hapo mbele. Ramani hii ni ile ya darasa, vipande vyote 28 vimo. Nakuomba ufumbe macho, uingize mkono kikapuni utoe kimoja, utuambie ni mkoa gani. Wenye kutaka kujaribu msumeno nao na wasogee mezani. Nimekuja na kanda kumi na mbili, na najua kabla ya kufunga mlango tutavunja nusu yake.